Vyakula vya karamu ya harusi Nateete: vinatoka wapi, vinapita mpaka gani

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Wafanyabiashara wengi wanaopeleka mchele, vitunguu na viungo jijini Kampala hufikiria kwanza masoko makubwa ya katikati ya jiji kama Owino na Nakasero. Wachache hufikiria harusi. Hata hivyo, katika eneo la Nateete, Divisheni ya Rubaga, harusi ni mteja wa kudumu. Karibu kila mwisho wa wiki kuna nikaha, kuna kwanjula au kuna karamu, na orodha ya vyakula vinavyotakiwa haibadiliki sana kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.

Tofauti ya mteja huyu na duka la jumla ni moja: tarehe yake haisogezwi. Duka likikosa mchele Jumamosi litauza Jumanne. Mwenye harusi akikosa mchele Jumamosi ameaibika mbele ya wakwe, na msambazaji aliyemwangusha hataitwa tena na ukoo mzima. Makala haya yanaeleza vyakula vya asili vinavyoandaliwa katika karamu hizo, mahali vinakotoka, karatasi zinazotakiwa mpakani na muda ambao msafirishaji anapaswa kujiwekea.

KWA NINI NATEETE

Nateete ipo kwenye barabara ya Masaka, takriban kilomita 6 kutoka katikati ya Kampala. Gari linalotoka Mbarara, Masaka au mpaka wa Mutukula hupita Kyengera na Busega kabla ya kufika Nateete, hivyo soko lake ni miongoni mwa masoko ya kwanza ya jiji kwa mizigo ya upande huo. Aidha, barabara ya mzunguko wa kaskazini, yenye urefu wa kilomita 21 kutoka Bweyogerere, inaishia Busega. Kwa maana hiyo, lori linalotoka Busia au Malaba linaweza kufika Nateete bila kuingia katikati ya jiji.

Eneo hili lina uhusiano wa zamani na biashara ya misafara. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim anatajwa kuwa alifika katika ikulu ya Kabaka Suna II mwaka 1844, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliomfuata walileta Buganda dini ya Kiislamu, kanzu na upishi wa pilau. Wamisionari wa Kianglikana nao waliweka kituo chao Nateete. Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, aliishi na kufanya kazi hapo. Leo Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki wanaishi jirani. Mpishi wa harusi wa Nateete hulazimika kujua orodha zaidi ya moja, na anayemuuzia bidhaa naye vivyo hivyo.

KWANJULA NA KARAMU YENYEWE

Ni vizuri kutofautisha shughuli mbili. Ya kwanza ni kwanjula, yaani siku ambayo upande wa bwana harusi unajitambulisha rasmi nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi. Hapo wageni huja na zawadi, na sehemu kubwa ya zawadi hizo ni vyakula: sukari, chumvi, mchele, unga wa ngano, mikungu ya matooke, nyama, mikate na soda, vikiwa vimepangwa kwenye vikapu. Jogoo wa kaka wa bibi harusi, anayeitwa muko, hakosekani. Kwa mfanyabiashara, kwanjula ni oda ya bidhaa za jumla ambazo hazijapikwa, na mara nyingi hununuliwa siku moja na mahali pamoja.

Jambo jingine linaloonekana kwenye kwanjula ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo wageni hupewa watafune kama ishara ya kukaribishwa. Wahaya wa mkoa wa Kagera, ng'ambo ya mpaka, wana desturi hiyo hiyo. Msafirishaji asichukulie kuwa kwa sababu ni desturi basi gunia la kahawa litavuka kama zawadi. Kahawa ya Kagera ina utaratibu wake wa kuuzwa kupitia vyama vya ushirika na minada, na kuivusha kinyemela ni kosa.

Shughuli ya pili ni karamu yenyewe baada ya nikaha au ibada ya kanisani. Hapa oda hutolewa na mpishi au kampuni ya upishi, na chakula huliwa kimepikwa.

SAHANI MOJA BAADA YA NYINGINE

Pilau. Kwenye harusi za Waislamu hiki ndicho chakula kikuu. Huandaliwa kwenye sinia kubwa ambayo Waganda huiita lusaniya, wageni wakakaa kuizunguka na kula kwa mkono. Wenye shughuli huhesabu wageni kwa sinia, si kwa sahani. Mchele unaotafutwa ni ule wenye harufu na usioshikana, ambao sokoni Kampala huitwa "super", tofauti na "kaiso", ambao ni wa bei nafuu zaidi. Uganda inalima mchele Bugiri na Butaleja, upande wa mashariki, lakini mchele wa Tanzania unaopitia Mutukula una wateja wake kwa sababu ya harufu. Mchele wa Pakistan na India nao huingia kupitia bandari ya Mombasa na hutumika zaidi kwa biriani.

Viungo. Pilau bila iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba ni wali wa kawaida. Karafuu inayofahamika zaidi ni ya Zanzibar, hasa Pemba. Iliki hulimwa pia Tanzania bara, ikiwemo milima ya Usambara. Bizari nyembamba hutoka nje ya Afrika Mashariki, hasa India. Viungo havina uzito mkubwa, havihitaji nafasi na vinakaa miezi mingi vikiwa vikavu, hivyo ni mzigo unaomfaa mfanyabiashara mdogo. Tatizo lake ni unyevu na uchakachuaji: mnunuzi wa Nateete hupendelea viungo ambavyo havijasagwa ili aone anachonunua.

Matooke. Harusi ya Waganda bila matooke haihesabiwi kuwa imelisha watu. Ndizi humenywa, zikafungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, kisha zikapondwa na kuachwa kwenye moto mdogo kwa saa nyingi. Mikungu hutoka Masaka, Lwengo, Mbarara, Isingiro na wilaya nyingine za magharibi. Biashara hufanywa kwa mkungu, si kwa kilo, kwa hiyo ukubwa ndio bei. Mkungu uliotupwa kutoka juu ya lori hupata weusi ndani, na wamenyaji wataukataa.

Luwombo. Ni nyama ya kuku, ng'ombe au mbuzi, au mchuzi wa karanga, uliofungwa kwenye jani changa la mgomba lililopitishwa motoni na kupikwa kwa mvuke. Masimulizi ya Buganda yanaihusisha na mpishi wa Kabaka Mwanga aliyeitwa Kawunta, mwaka 1887. Huandaliwa kifungu kimoja kwa mtu mmoja, na ndicho chakula cha heshima kwa bwana harusi na wazee. Majani yenyewe ni bidhaa: yakichanika au yakinyauka, luwombo haifungiki.

Nyama. Ng'ombe wengi hutoka wilaya za wafugaji kama Lyantonde, Sembabule na Kiruhura. Kinachoweza kuharibu mpango ni karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, ambayo Wizara ya Kilimo ya Uganda hutangaza kwa wilaya na ambayo husimamisha usafirishaji wa mifugo papo hapo. Mpishi mwenye busara huagiza nyama kutoka wilaya zaidi ya moja.

Karanga. Mchuzi wa karanga uliosagwa, binyebwa, huliwa na matooke. Karanga nyingi hutoka Teso na Lango. Ubora wake hupimwa kwa ukavu, kwa sababu karanga zenye unyevu huota sumukuvu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo kabla ya kulegeza kwa masharti siku chache baadaye, na tangu wakati huo wanunuzi wa nafaka na karanga wamekuwa makini zaidi.

Vitunguu, mboga na chapati. Vitunguu vyekundu vya Tanzania hutafutwa na wapishi wa pilau kwa kuwa ni vikavu na hukaanga vizuri. Mboga kama nakati na dodo hulimwa karibu na jiji na hazihitaji safari ndefu. Chapati hutegemea unga wa ngano, ambayo Uganda huinunua karibu yote kutoka nje kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Mafuta ya kupikia. Viwanda vya Uganda husafisha mafuta ya mawese, sehemu yakitoka kwenye mashamba ya Kalangala, kisiwani Bugala, na sehemu yakitoka Indonesia na Malaysia. Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, wakati bei ilikuwa tayari juu, wapishi wa Kampala waliona namna uamuzi wa Jakarta unavyoweza kufika kwenye sufuria ya Nateete.

HESABU YA GUNIA MOJA

Tuchukue mfano wa karamu ya wageni 400. Ukikadiria kilo 1 ya mchele kwa watu 8, unahitaji kilo 50, yaani gunia moja. Hiyo ni oda ndogo ambayo lori la tani 30 haliwezi kuifuata.

Lakini itazame kwa upande mwingine. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) unahusu shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Ikiwa kilo ya mchele imekugharimu dola 1, kiwango hicho ni tani 2, na tani 2 ni magunia 40. Kwa maneno mengine, safari moja ya gari dogo chini ya utaratibu rahisi inaweza kuhudumia harusi 40 za ukubwa huo. Mfanyabiashara aliyeelewana na wapishi watano au sita ana soko la gari lake zima, na anauza kwa bei ya rejareja badala ya bei ya dalali.

KARATASI ZA MPAKANI

Mazao yaliyolimwa ndani ya nchi mwanachama wa EAC hayatozwi ushuru wa forodha yakiingia nchi mwanachama nyingine, ilimradi uasili wake uthibitishwe. Yanayotakiwa ni haya:

1. Cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa shehena ya dola 2,000 au chini yake, cheti rahisi hutolewa hapo hapo mpakani bila malipo kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Zaidi ya hapo, unahitaji cheti cha kawaida cha EAC, ambacho huombwa kabla ya safari.

2. Cheti cha afya ya mimea. Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya na KEPHIS. Upande wa Uganda kibali cha kuingiza mazao hutoka Wizara ya Kilimo.

3. Kibali cha kusafirisha nafaka nje, kwa mchele unaotoka Tanzania.

4. Alama ya ubora kwa bidhaa zilizofungashwa kama unga, mafuta na viungo vilivyosagwa. Alama za mashirika ya viwango ya nchi wanachama, kama TBS, KEBS na UNBS, zinatambuliana.

5. Bima ya gari. Kadi ya Njano ya COMESA inatumika pia Tanzania, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Msafirishaji atambue kwamba kusamehewa ushuru wa forodha si kusamehewa kila kitu. Kodi za ndani, kama ile ya zuio ya 6% ambayo Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) imekuwa ikitoza bidhaa zinazoingia, zinaweza kudaiwa kulingana na hali ya mfanyabiashara. Aidha, mchele wa nje ya EAC ni bidhaa nyeti: kiwango cha pamoja ni 75% au dola 345 kwa tani, chochote kilicho kikubwa, na nchi huomba nafuu mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana maofisa huukagua kwa makini mchele unaodaiwa kuwa wa Tanzania ili kuhakikisha si wa Asia uliobadilishwa magunia. Risiti ya kinu cha kukoboa na kibali cha wilaya ulikonunua hupunguza maswali.

Mutukula imekuwa kituo cha pamoja cha ukaguzi kilichozinduliwa rasmi Novemba 2017, na Busia ilizinduliwa Februari 2018. Gari husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Mutukula ipo takriban kilomita 220 kutoka Kampala, na Busia takriban kilomita 200. Kwenye ramani ni safari ya siku moja.

SIKU BARABARA INAPOKATIKA

Ramani haionyeshi kila kitu. Januari 2022 madereva wa malori walisimama upande wa Kenya wakipinga malipo ya vipimo vya korona vilivyokuwa vikitakiwa na Uganda, foleni za Malaba na Busia zikafika makumi ya kilomita, na bei ya petroli Kampala ikapanda ghafla. Aliyekuwa na unga na viungo vya harusi kwenye foleni hiyo hakuwa na la kufanya.

Mwezi Mei 2023 ilikuwa zamu ya barabara ya Masaka. Mafuriko ya mto Katonga yaliharibu barabara kwenye daraja la Katonga, ikafungwa, na magari yakaelekezwa kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Hii ndiyo njia ya matooke na ndiyo njia ya Mutukula. Mikungu iliyopaswa kulala njiani usiku mmoja ilichukua muda mrefu zaidi kwenye barabara ndogo, na gharama ya mafuta ikaongezeka.

Matukio haya mawili yanatoa funzo moja la kibiashara. Vyakula vya harusi vimegawanyika katika makundi mawili. Mchele, viungo, karanga, vitunguu, unga na mafuta vinaweza kukaa stoo. Matooke, majani, mboga na nyama haviwezi. Bahati nzuri ni kwamba karibu kila kinachovuka mpaka kipo kwenye kundi la kwanza. Hakuna sababu ya mchele wa harusi kuwa Mutukula siku ya Alhamisi wakati karamu ni Jumamosi. Vinavyovuka mpaka vitangulie, vinavyonyauka vifuate.

KALENDA YA HARUSI

Waislamu hawafanyi karamu za harusi mchana wa Ramadhani, na Wakatoliki na Waanglikana wengi huepuka Kwaresima. Wiki za mwisho kabla ya Ramadhani na zile zinazofuata Idi huwa na msongamano wa nikaha. Ramadhani huanza mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo mfanyabiashara hawezi kutegemea mahesabu ya mwaka uliopita. Likizo za shule za Agosti na zile za mwisho wa mwaka nazo ni za harusi nyingi, Desemba zaidi, kwani ndugu walio mbali hurudi nyumbani.

Mchele mwingi wa Tanzania huvunwa kati ya Mei na Julai. Anayenunua wakati huo na kuhifadhi vizuri hufika Desemba na mzigo wa bei ya mavuno katika mwezi wa bei ya sikukuu.

MIIKO NA MALIPO

Kwa harusi ya Waislamu nyama lazima ichinjwe na Mwislamu kwa taratibu za dini, na gari lililobeba nguruwe au pombe halitapokelewa hata kama limeoshwa. Msafirishaji mwenye magari mawili atenge moja.

Kuhusu malipo, familia nyingi za Kampala hugharamia harusi kwa mikutano ya michango. Ndugu na marafiki hukutana wiki kwa wiki na kuahidi. Ahadi si fedha taslimu, na nyingi hukamilishwa siku za mwisho au hazikamilishwi kabisa. Mfanyabiashara asikopeshe kamati nzima, kwa kuwa baada ya harusi kamati huvunjika na hakuna wa kudaiwa. Adai kwa mtu mmoja aliyetia saini, apokee angalau gharama ya mzigo kabla ya kuupakia, na sarafu ya malipo itajwe kwenye makubaliano, kwani shilingi tatu za Uganda, Kenya na Tanzania hazitembei pamoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

RATIBA YA KUFUATA

Kwa karamu ya Jumamosi, ratiba ifuatayo inaweza kutumika:

Wiki 4 kabla: kukubaliana na mpishi idadi ya wageni, kupokea malipo ya awali, kuomba vibali.

Wiki 2 kabla: mchele, viungo na vitunguu viwe vimevuka mpaka na kufika stoo Nateete. Kukitokea tatizo barabarani, bado kuna muda wa kununua mzigo mwingine Kampala.

Wiki 1 kabla: unga, mafuta, sukari na karanga. Karanga zikaguliwe kabla ya kusagwa.

Jumatano: kuthibitisha hali ya barabara ya Masaka na karantini za mifugo, kuwa na mkulima wa akiba upande wa Mpigi.

Alhamisi usiku hadi Ijumaa asubuhi: matooke na majani yashushwe kwa mkono. Umenyaji huanza Ijumaa mchana na moto huwashwa jioni.

Ijumaa usiku: nyama na kuku, baada ya kuthibitisha mchinjaji.

Jumamosi asubuhi: mboga za majani, matunda na barafu kutoka soko la Nateete lenyewe. Saa hiyo hakuna mzigo wa harusi unaopaswa kuwa bado barabarani.